MADA: Nesi mdogo ana ushahidi, inchaji (msimamizi wa wodi) ana miaka 25 kazini. Leba asikilizwe nani?

Mleta mada (Lindi)

Wakuu habari za jioni. Nimetoka zamu ya usiku nimelala masaa matatu tu nikaamka na hasira kwaiyo mnivumilie. Mi ni nesi mkunga kwenye kituo cha afya kimoja huku mkoa wa Lindi, sikitaji jina maana kazi bado naitaka.

Juzi tulikuwa na mama wa uzazi wa nne, kajifungua vizuri, mtoto kalia, kondo limetoka lote, sindano ya oksitosini ya kukaza mji wa mimba kashapata. Nikamwambia inchaji sista huyu mama damu yake inanitia wasiwasi. Akainua kanga kwa vidole viwili, akaiangalia, akasema "hiyo ya kawaida, mls mia mbili haifiki, we endelea kuandika." Mimi mapigo ya moyo nimeshahesabu 118, yapo juu. Nikarudia. Akanijibu mbele ya mama mkwe wa mgonjwa kwamba nyie watoto wa siku hizi mnasoma kwenye simu halafu mnakuja kutufundisha kazi. Dakika kama ishirini hivi mama anasema anasikia kiu, anaona giza, mikono ya baridi, hapo ndo mbio zikaanza, huyu anatafuta mshipa, huyu anakanda tumbo, huyu anampigia dereva wa gari la wagonjwa hapokei. Mama yupo hai alhamdulillahi, ila aliponea chupuchupu.

Siku ya mapumziko nikafanya kitu. Nikachemsha choya ikawa nyekundu kweli kweli, nikapima mls 500 kwenye jagi la kupimia, nikaimwagia kwenye kanga kuukuu imelazwa juu ya mpira wa kitanda, nikawaita wenzangu mmoja mmoja nawauliza hii ni kiasi gani. Wa kwanza 150. Wa pili 200. Dokta wetu 250. Aliyejitahidi sana kasema 300, na inchaji mwenyewe hakuja. Wakuu, 500 ndo kiwango tulichofundishwa kwamba hapa sasa mama anatokwa na damu kupita kiasi, na hakuna hata mmoja aliyefika! Kanga inakunywa, inatulia, inakudanganya.

Na hili halijaanza kwetu. Kuna utafiti unaitwa E-MOTIVE, majibu yametoka 2023, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa hapa Tanzania, akina mama zaidi ya laki mbili. Walichofanya, chini ya mama wanatandika shuka la plastiki lenye mfuko wenye mistari ya kupimia, damu inaonekana imefika wapi, ikivuka tu yanafanyika yote kwa pamoja, kukanda mji wa mimba, oksitosini, traneksamiki ya kusaidia damu igande, dripu, na kuchunguza inatoka wapi. Hawangoji hiki kishindwe ndo wajaribu kile. Wa upande wa kawaida walitambua nusu tu ya waliotokwa damu nyingi, asilimia 51, upande wa pili 93. Na hatari ya kufikia damu ya kutisha, kupasuliwa kwa ajili ya damu au kufa kwa ajili yake ikashuka kwa asilimia 60. Mwaka 2025 WHO wakaja na mwongozo kwamba hata 500 usiingoje, ikifika 300 na presha au mapigo yameshaanza kuharibika, anza.

Sasa swali langu sio drama za inchaji. Nesi mdogo akiwa na kitu kilichopimwa na mkubwa akiwa na mazoea, apewe haki ya kuanza huduma bila kuruhusiwa au asubiri? Mi nasema apewe, na iandikwe ukutani. Karibuni mnipinge.

Mstaafu, Masasi

Mwanangu pole na usiku. Mimi nimezalisha tangu tunatumia taa ya chemli, siwezi kukuhesabia ni wangapi, wengine leo ni wajukuu zangu wa mtaani. Nitakupinga kama ulivyoomba.

Hiyo choya yako imekudanganya na wewe. Mkunga haangalii kanga peke yake. Mkono unakuwa juu ya tumbo, unasikia mji wa mimba umekaza kama nazi au umelegea kama unga wa chapati uliozidi maji, unamtazama mama midomo, unamuongelesha unasikia anajibuje. Huyo inchaji wako kosa lake ni kuinua kanga kwa vidole viwili badala ya kuweka mkono tumboni, huo sio uzoefu huo ni uvivu, usiuite uzoefu ukatutukana wote.

Na nyie na ushahidi wenu nao mbona unageuka kila baada ya miaka? Sisi tulifundishwa kila anayekuja leba anyolewe na apigwe enema, yani maji ya kusafisha tumbo kwa njia ya haja kubwa, tukafanya. Mkaja mkasema acheni. Tukafundishwa uzazi wa kwanza lazima kumwongeza njia kwa mkasi, nimekata wanawake wa watu nikashona, mkaja mkasema sio lazima. Alale chali, mkaja mkasema achague mwenyewe. Kesho mtakuja na lipi? Ndo maana wazee tunasubiri kwanza.

Mleta mada

Shikamoo mama. La mkono tumboni nimelipokea na umenisuta kweli maana mimi pia nilikuwa nimeshika kalamu.

Ila mama hayo uliyoyataja ndo yananisaidia. Kunyoa, enema, kukata kila mtu, hayo yalikuwa mazoea ya wakubwa wa wakati ule, hayakuanza kwa kupimwa. Yaliachwa siku mtu alipopima akakuta mama hafaidiki, anaumizwa bure. Sasa tukiwaachia wakubwa tungekuwa bado tunanyoa.

Tabibu wa zahanati

Mstaafu ana hoja ila ipo mahali pengine. Tatizo sio kugeuka, tatizo ni ushahidi wa kwa watu kuletwa kwetu kama ulivyo. Mfano wa dripu kwa watoto. Mtoto ana homa kali, mikono ya baridi, vitabu vya wazungu vilisema mmiminie maji haraka haraka, na ukiangalia kwa macho mtoto anachangamka, kila mtu wodini anaona tumefanya kazi. 2011 majibu ya utafiti wa FEAST yakatoka, watoto 3,141, Kenya, Uganda na Muheza kwetu Tanga. Waliomiminiwa haraka walikufa kama 10.5 kwa mia ndani ya masaa 48, wasiomiminiwa 7.3. Yani kitu ambacho kila mtu alikiona kinafanya kazi kilikuwa kinaongeza vifo. Soma tena hiyo sentensi, mi mpaka leo ikinijia usiku nageuka upande wa pili.

Kwaiyo macho yanadanganya, sawa na kanga ya mleta mada, lakini na kitabu kilichoandikiwa hospitali yenye ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, nacho kinadanganya. Kwa hili la haki ya nesi kuanza, nakubali kwa damu ya uzazi tu. Sio kila aliyesoma makala moja akaanza kubadilisha dozi.

Mtu wa Newala

Mnaongea vizuri nyie wa mabondeni wenye maji. Huku juu uwandani kuna wakati ndoo ya maji tunanunua na mwenye mgonjwa anaambiwa aje na dumu lake. Ushahidi wa kunawa mikono unajulikana tangu yule daktari Semmelweis 1847 kule Vienna, hakuna anayebisha, haya sasa nawa na nini? Nesi anapaka sanitaiza ikiwepo, isipokuwepo anavaa glovu anaomba Mungu. Mkiniletea utafiti leteni na bomba.

Halafu na hili la kudharau macho ya watu wa chini taratibu jamani. Chikungunya, ile homa ya mbu inayouma viungo, ilipolipuka 1952 hapa hapa uwanda wa Makonde, jina waliloliandika wanasayansi mpaka leo dunia nzima inalitumia ni Kimakonde, yani kile kinachomkunja mtu. Watu wa kijijini ndo waliona mgonjwa anapinda wakasema. Huo sio ushahidi?

Mleta mada

Kaka wa Newala ni ushahidi tena mkubwa, ila ona, ulikuja kuwa na nguvu baada ya mtu kukaa chini akauandika, akahesabu wagonjwa. Wodini kwetu tunaona mengi hatuandiki. Partografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, tunajaza mama akishajifungua, naandika haya nikijua na mimi nimo.

La maji sina jibu.

Mwanachuo

Naomba kuuliza, hizo tafiti zote Kiingereza, nyingine zinataka ulipie kwa dola, bando lenyewe la kuunga unga. Chuo tunafundishwa hatua tano, uliza swali, tafuta, chuja, tumia, pima matokeo, kwenye mtihani napata A. Nikienda fildi naambiwa kamata mop. Nesi mmoja wagonjwa arobaini, hiyo hatua ya kutafuta anafanya saa ngapi?

Tabibu wa zahanati

Mdogo wangu hutafuti wewe peke yako, ndo kazi ya miongozo ya wizara, watu wameshachuja. Kazi yako ni kuujua na kuuzoesha mkono. Kuna mpango wa Safer Births ulifanyika kwenye vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, mazoezi mafupi ya mara kwa mara pale pale leba kwa mdoli, hakuna semina ya posho hotelini. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na ndani ya siku ya kwanza vikashuka kutoka 15.3 mpaka 12.5 kwa kila 1,000. Sisi Kusini hatukuwemo. Tunapewa semina.

Baba wa wawili, Mtwara mjini

Mimi sio mtu wa afya, nauza mitumba ya viatu. Nimesoma tangu juu mnavutana nesi mdogo na nesi mkubwa, mkono na karatasi. Kuna mtu mmoja mmemruka wote.

Mke wangu alipojifungua wa pili alitokwa damu sana, nilikuwa nje kwenye benchi. Aliyekuwa anabadilisha kanga ni mama yangu mzazi. Yeye ndo alitoka akaniambia baba fulani nenda kanunue kanga nyingine hizi nne zote zimelowa. Kanga NNE. Nesi ndani anaandika kawaida. Hakuna aliyemuuliza mama yangu swali moja tu, bibi umebadilisha ngapi. Sasa kwenye kisa cha mleta mada mama mkwe alikuwa amesimama pale pale mnagombana mbele yake, na yeye ulimuuliza?

Mleta mada

Sikumuuliza.

Na hiyo kitu tulifundishwa kabisa, kwamba ushahidi una miguu mitatu, utafiti, ujuzi wa muuguzi, na mgonjwa mwenyewe na watu wake wanasemaje. Mguu wa tatu nimeukariri tu. Ahsante kaka.

Mstaafu, Masasi

Huyo muuza viatu ndo kasema la maana jioni nzima.

Ila mleta mada tukuulize sasa. Huo mfuko wa plastiki wenye mistari kwenye kituo chenu upo?

Mleta mada

Haupo mama. Tumeagiza, tunaambiwa subirini. Kwaiyo nimeanza kupima uzito. Kanga ya damu naitia kwenye mfuko wa nailoni, naweka kwenye mzani, natoa uzito wa kanga kavu, gramu moja naihesabu ml moja. Sio sawa sawa kabisa ila ni bora mara mia kuliko kuinua kwa vidole.

Mtu wa Newala

Mzani gani? Usiniambie ule wa kupimia watoto!!

Mleta mada

Siku ya kwanza ndio ule ule, metroni, mkuu wa manesi, akanifokea na alikuwa na haki. Sasa nimenunua wa jikoni wa kupimia unga, hela yangu, unakaa chini ya meza umeandikwa DAMU TU. Kwa wiki hii akina mama sita, mmoja alifika 420 na kwa macho tulisema mia mbili, mapigo yalishapanda, tukaanza mapema akatulia. Inchaji aliona. Hakusema kitu ila zamu iliyofuata nimekuta kaupanga mzani vizuri mezani.

Mstaafu, Masasi

Kanga kavu unajuaje uzito wake? Kila mtu anakuja na yake, wengine wanakuja na vitenge.

Mleta mada

Mama akifika tu leba nazipima zote kabla, naandika kwenye plasta nabandika pembeni ya kanga. Ya jana 190, nyingine 235, kitenge kimoja kizito kile kikafika 310.

Mstaafu, Masasi

Plasta ikilowa herufi zinafutika. Shona uzi, fundo moja kila gramu hamsini.