Naomba ushauri: utumwa wa Marekani niufundisheje ili uchumi na siasa vionekane pamoja?

MwalimuBi: Wakuu, habari zenu. Nafundisha historia kidato cha sita. Wanafunzi wangu wamekariri kwamba Kusini walilima pamba kwa watumwa, Kaskazini wakajenga viwanda, basi wakapigana. Mwaka 1860 watu karibu milioni 4 walikuwa utumwani, na inaniuma wanapoishia kuwa sentensi moja ya mtihani. Nianzie wapi?

ChakiUbaoni: Mwalimu, anza na hesabu. Katiba ya 1787 ilihesabu watumwa watano kama watu watatu wakati wa kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi. Chora jimbo la mfano: watu huru 60,000, watumwa 50,000. Linahesabiwa 90,000, na hao 50,000 hawana kura. Idadi ya viti ndiyo iliyoongeza pia kura za jimbo katika kumchagua rais. Kisha wakumbushe kwamba katika miaka 36 ya kwanza, 32 ilishikwa na marais wa Virginia, jimbo lenye watumwa wengi kuliko yote.

Nuru_M: Mimi ningeanza na rehani. Mwenye shamba Louisiana alikopa benki kwa dhamana ya watu, akanunua ardhi na watu wengine. Akishindwa kulipa wanapigwa mnada, mama huku, mtoto kule. Kufikia 1860 pamba ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya mauzo ya nje ya Marekani, na New York walivuna kamisheni, bima na nauli za meli. Hiyo Kaskazini haikuwa pembeni hata kidogo.

MzeeWaPwani: Na merikani je? Meli za Salem zilishusha Unguja vitambaa vilivyofumwa Massachusetts kwa pamba ya watumwa, zikaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Mkataba na Seyyid Said ni wa 1833. Wapagazi wetu walilipwa kitambaa hicho hicho.

MwalimuBi: Shikamoo mzee, asanteni wote. Nitaanza na hesabu, kisha rehani. Ila lazima mmoja atauliza mbona watumwa walinyamaza.

Nuru_M: Hawakunyamaza, dada. Nat Turner aliongoza uasi Virginia mwaka 1831. Vita vilipoanza, maelfu walitorokea kambi za jeshi la Kaskazini, na Weusi karibu 180,000 wakavaa sare yake, wengi wao wakiwa wametoka utumwani. Kila aliyetoroka alimpunguzia bwana wake mvunaji na dhamana ya benki kwa mpigo.