ATmega328P haitambuliki: niendelee na USBasp, nitumie Uno, au nitafute programa ya volti 12?

Kibo_Saketi
Habari za jioni wakuu. Nina chipu ya ATmega328P (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) mpya kabisa kwenye bredibodi. USBasp, programa yangu ya kupakia programu kwenye chipu kupitia USB, inaonekana kwenye kompyuta, taa inawaka, lakini avrdude, programu ya kompyuta inayoiendesha, inasema chipu haijibu. Nyaya nimezipitia upya: MOSI pini 17, MISO 18, SCK 19, RESET 1. Bodi ya Arduino Uno ninayo pia. Nishike njia ipi? Jamaa mmoja kaniambia chipu imekufa, niitupe.

FundiRedio
Usitupe mkuu. Hakikisha pini 7 na 20 zote zina volti 5, na 8 na 22 zote ziko graundi. Pini 20 ndiyo watu huisahau. Pima na mita juu ya mguu wa chipu wenyewe, si kwenye bredibodi; matundu yakilegea, mita itakuonyesha.

Mama_Volti
Umesema chipu ni mpya, na mimi naanzia hapo. ATmega328P ikitoka kiwandani hutumia saa yake ya ndani ya 8 MHz iliyogawanywa kwa 8, yaani 1 MHz. Ili isikie vizuri, mapigo ya SCK (waya wa saa ya programa) lazima yawe chini ya robo ya saa hiyo, kwa hiyo chini ya 250 kHz. USBasp kwa kawaida hupiga 375 kHz. Chipu haiwezi kuifuata.

Programu ya ArduinoISP, inayopakiwa kwenye Uno ili iwe programa, imewekwa takriban 166 kHz. Ndiyo maana mtu akihamia Uno chipu inaitika, anaondoka akiamini USBasp yake ni mbovu. Nzima kabisa, ina haraka tu.

Funga jampa JP3 ya USBasp, kasi itashuka hadi kama 8 kHz. Kwenye bodi nyingi za bei nafuu JP3 ni matundu mawili tu, hayana pini. Lehemu kipande cha waya. Au ongeza -B 10 kwenye amri ya avrdude. Ikikuonya kwamba imeshindwa kubadili kasi, programu ya ndani ya USBasp ni ya zamani, rudi kwenye JP3.

Juma_Lehemu
Mimi bado naipendelea Uno, hakuna draiva ya kuhangaika nayo kwenye Windows. Sharti moja: ukishapakia ArduinoISP, weka kapasita ya 10 µF kati ya RESET na GND ya Uno, upande hasi graundi. Bila hiyo, kwenye bodi nyingi Uno hujiwasha upya kila avrdude inapofungua mawasiliano. Pini 10 ya Uno ndiyo inaenda RESET ya chipu.

Mama_Volti
Sawa kabisa, Uno ni shahidi mzuri wa pili. Ila kwa kazi ya kila siku nabaki na USBasp, Uno iwe huru kwa mambo mengine.

Tai_wa_Pwani
Volti 12 achana nayo kwa sasa. Kazi yake ni pale fyuzi (mpangilio wa ndani wa chipu) ya RSTDISBL imewekwa na mguu wa RESET hausikii tena. Kwa 328P ni nyaya nyingi mno. Chipu ndogo ya ATtiny85 ina nafuu. Kama fyuzi zimeelekezwa kwenye kristali ambayo haipo, weka ya 16 MHz pini 9 na 10, na kapasita za 22 pF mbili kwenda graundi, kisha jaribu tena na USBasp.

Kibo_Saketi
Nimefunga JP3, imejibu! Saini (namba ya utambulisho wa chipu) ni 1E 95 14, lakini avrdude inakataa, inasubiri 1E 95 0F.

FundiRedio
Hiyo ni ATmega328 isiyo na P. Imulike tochi kwa pembeni usome maandishi ya juu: ATMEGA328-PU. Hiyo P ya mwisho ni ya umbo la chipu, na wauzaji wengi huichanganya. Andika -p m328. Usiilazimishe kwa -F ili ipuuze saini.

Kibo_Saketi
Imekubali. Asanteni sana, hasa Mama_Volti.

Mama_Volti
Hongera! Sasa JP3 ikiwa bado imefungwa, badilisha fyuzi ya chini kutoka 0x62 kwenda 0xE2. Saa itapanda hadi 8 MHz, halafu fungua JP3. 375 kHz haitakusumbua tena kwenye chipu hiyo.