Jamii isiyotumia fedha: ujamaa, kibbutz, ndiva au teknolojia? Tulinganishe

Mkulima_Kibaigwa (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Mwezi uliopita nilikaa na mama kwenye benchi la hospitali toka saa mbili asubuhi mpaka saa tisa mchana, tukisubiri ndugu atume hela ya kipimo. Mashine ilikuwepo, mtaalamu alikuwepo, umeme haukukatika. Kilichokosekana ni elfu arobaini. Tangu siku hiyo swali halinitoki: vitu vikiwepo na watu wakiwepo, kwa nini fedha ndiyo iamue?

Tukitaka jamii ambayo chakula, maji, matibabu na makazi ni vya wote, naona njia tatu. Kwanza, kumiliki kila kitu pamoja, kama vijiji vya ujamaa au kibbutz za Israeli, yaani makazi ya wakulima wanaomiliki mali kwa pamoja. Pili, kushirikiana katika rasilimali moja tu, tuseme maji, mengine kila mtu na lake. Tatu, kungoja teknolojia ishushe gharama mpaka vitu viwe bure. Mimi naegemea ya kwanza. Azimio la Arusha la 1967 lilisema ili tuendelee tunahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haimo katika mambo hayo manne. Leteni mifano halisi.

Mzee_wa_Songea
Pole kwa mama, kijana wangu. Naomba usichanganye ujamaa wa aina mbili. Huku Ruvuma, Litowa na vijiji jirani walianza wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 60, kabla ya Azimio. Walilima pamoja, wakawa na shule yao, mambo yakaamuliwa mkutanoni. Septemba 1969 chama kilichounganisha vijiji hivyo kikapigwa marufuku.

Halafu 1973 ikatangazwa kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe amehamia kijijini. Hiyo nimeiona kwa macho. Kipande cha reli kilitundikwa kwenye mwembe, kikigongwa tunakwenda shamba la kijiji. Watu walifika jua limeshachoma, wakaparuza udongo, wakaangalia kivuli. Mchana watu wale wale walikwenda kwenye vishamba vyao na kulima mpaka giza. Tusiwaite wavivu. Hakuna aliyewauliza shamba lile lilimwe nini wala mavuno yaende wapi.

Arava_2016
Nilikwenda Israeli kwa mafunzo ya kilimo, nikapata nafasi ya kuzungumza na wazee wa kibbutz. Ya kwanza, Degania, ilianza 1910. Chakula bwaloni, nguo zinafuliwa pamoja, na katika kibbutz nyingi watoto walilala kwenye nyumba ya watoto badala ya kwa wazazi wao. Mama mmoja alinisimulia alivyokuwa akisimama dirishani usiku kusikiliza kama ni wa kwake anayelia. Alilia akinieleza, na alikuwa na miaka zaidi ya 80.

Miaka ya 80 madeni yaliziangusha nyingi, kwa sababu ndani hawakutumia fedha lakini nje waliuza na kukopa kama kampuni yoyote. Nyingi zimeingia mfumo wa mishahara tofauti. Degania yenyewe ilipiga kura ya kuingia 2007. Zipo chache zinazoshirikiana kama zamani, na anayetaka kuondoka huondoka.

Binti_wa_Same
Mimi ni ya pili, bila kusita. Kwetu Upareni kuna ndiva, bwawa dogo la mlimani. Usiku maji yanajaa, asubuhi yanafunguliwa yashuke kwenye mifereji, kila mtu kwa zamu yake. Mlango wa ndiva ya kwetu ulizibwa kwa gogo lililofungiwa majani ya mgomba na udongo, na nikiwa mdogo nilipenda kusikia sauti yake likichomolewa. Hatulipii maji. Mfereji ukibomoka inapigwa mbiu ya msaragambo, kazi ya pamoja, kila kaya inatoa mtu. Asiyekuja anatozwa faini au zamu yake inarukwa. Sasa unipe njia ya kwanza, nani atazibua mfereji wakati hakuna anayemjua aliyekwepa?

Muscat_Pwani
Binti wa Same kanikumbusha falaj za huku Oman, mifereji ya jadi ya maji. Tano ziliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO 2006, ikiwemo Daris ya Nizwa. Maji ya kunywa yanachotwa mwanzoni mwa mfereji, na hapo hata mpita njia hazuiwi. Ya kumwagilia mitende ndiyo yana hisa za muda, na baadhi ya hisa hupigwa mnada ili zipatikane hela za kutengeneza mfereji. Kwa hiyo fedha imo, lakini haigusi kiu ya mtu. Mgawanyo huo naupenda kuliko kuifuta fedha moja kwa moja.

Kodi_Huru
Mnaidharau ya tatu. Wikipedia ilianza 2001, ya Kiswahili 2003, na waandishi wake hawalipwi. Nikisoma makala, yako haipungui. Maarifa tumeshayatoa kwenye uhaba. Nakubali seva na umeme vinalipiwa kwa michango, na muhogo haunakiliwi.

Eyasi_Road
Kodi Huru, muhogo haunakiliwi lakini unagawika. Wahadzabe, wawindaji wa eneo la Ziwa Eyasi, wakiangusha mnyama mkubwa, nyama inagawanywa kambini na mwindaji hawezi kuwanyima wenzake. Hata hivyo zipo sehemu, epeme, za wanaume waliokubaliwa tu. Utaratibu upo hata pasipo na senti.

Mama_Wawili
Mbona mnakwenda mbali? Msiba ukitokea mtaani kwetu turubai linakuja, masufuria yanakuja, wanawake tunapika usiku kucha, vijana wanachimba kaburi. Hakuna anayeuliza bei. Binti wa Same, na mjane asiye na mtu wa kumtuma msaragambo?

Binti_wa_Same
Bibi yangu alikuwa mjane. Alileta togwa kwa wachimbaji, ikahesabika kaya yake imekuja. Alipougua hakuleta kitu, na zamu yake haikurukwa.

Mkulima_Kibaigwa
Mama Wawili umenigusa. Naiacha ya kwanza. Benchi lile lilihitaji kitu kama maji ya kunywa ya falaj, kinachotolewa kabla ya hesabu nyingine. Jumapili kikundi chetu cha kuzikana kina kikao. Tuko kaya 62, na mfuko hauguswi mpaka mtu afe. Nitaomba sehemu yake ilipie vipimo vya mtu akiwa bado anapumua, na asiye na mchango aruhusiwe kulipa kwa kazi. Mwenye katiba ya kikundi kilichokwisha kufanya hivyo aniwekee hapa kabla ya Jumamosi.