Stendi ya laptop kwenye mkonga: nani ametengeneza inayotoka na ikadumu?

Mpima_Maji

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa mafundi na madereva mnaozijua barabara za porini.

Kazi yangu ni kupima maji ya ardhini kabla watu hawajachimba kisima. Tunatoka Arusha Jumatatu, tunarudi Ijumaa Mungu akipenda, na muda mwingi tuko Longido, Ketumbeine, Engaruka hadi Ngare Sero. Gari ni Land Cruiser mkonga, ile yenye bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo, injini 1HZ ya dizeli, kiti cha kushoto ni cha mtu mmoja. Dereva anaendesha, mimi nimekaa kushoto, laptop mapajani, ramani iko wazi, namwambia "kunja hapo kwenye mgunga". Mapaja yanaiva kwa joto. Kwenye kila korongo naikumbatia laptop kama mtoto mchanga. Mwezi uliopita tulidumbukia shimo moja tukitoka Engaruka: laptop nikaiokoa, paji la uso likaenda dashibodi.

Nataka stendi, ila masharti yapo. Itoke, kwa sababu wikiendi gari linabeba familia ya bosi, na mama ameshasema hataki kuona tundu hata moja limetobolewa kwenye gari lake. Isipige kelele. Na niweze kuandika juu yake, siyo kuangalia tu.

Nilishatengenezewa moja: bomba refu, chini limebanwa na bolti za kiti, juu kitako cha bati. Kwa macho ilipendeza. Kwenye lami nikawa najisifu. Tulipoiacha lami ikaanza kucheza kama mlevi, na kabla ya mchana ikakatika karibu na ilipochomelewa. Fundi anasema dawa ni chuma kinene zaidi. Kweli?

Kimya_Kingi

Nunua tablet, bandika kwenye kioo, habari imeisha.

Mpima_Maji

Kimya, programu ya kusomea vipimo vyetu inataka Windows na kibodi. Halafu kioo chenyewe kina ufa.

Mzee_wa_Bomba

Mpima, usiongeze unene, utajuta.

Niliendesha gari la wapima barabara miaka minane kabla sijafungua kibanda changu cha kuchomelea hapa Unga Limited. Stendi za namna hiyo nilitengeneza nne kwa ajili ya gari nililokuwa naendesha mwenyewe. Tatu za kwanza zilikufa. Moja sasa hivi inazuia mlango wa banda la kuku nyumbani.

Chukua hicho kipande kilichokatika ukiangalie vizuri. Naweka dau kwamba ufa haukuanzia kwenye weldi yenyewe, umeanzia pembeni yake, milimita mbili tatu kwa juu. Hapo ndipo chuma kilipopata moto kikabadilika, na hapo hapo ndipo bomba linapopindia kila gari likiruka. Ni kama unavyokata waya kwa mkono ukikosa koleo: unakunja huku, unakunja kule, mwisho unaachia. Yale mawimbi ya barabara ya vumbi yameachana nusu mita hadi mita moja. Ukienda kilomita 50 kwa saa unapita mawimbi yasiyopungua 13 kila sekunde. Piga hesabu ya saa moja tu, bomba limeshakunjwa zaidi ya mara 45,000. Chuma gani hicho hakitachoka?

Ukiongeza unene unaongeza na uzito, na uzito ndio unaovuta. Stendi yangu ya kwanza ilikuwa na kilo 7 kabla hata ya laptop, na laptop ilikuwa na kilo 2. Nilikuwa nimetengeneza nyundo.

Kilichoiua yako ni bomba refu kusimama peke yake. Lipe mguu wa tatu. Niliyomalizia nayo iko hivi.

Chini ni bapa la milimita 50 kwa 6, linashikwa na bolti mbili za mbele za kiti cha abiria. Hutoboi kitu, mama atafurahi. Bapa likae juu ya mguu wa kiti, siyo chini yake, ili kiti kiendelee kulala kwenye sakafu kama kilivyotoka kiwandani. Kwa kuwa umeongeza milimita 6, bolti ya zamani itakuwa fupi na utahitaji ndefu kidogo. Hapa sikiliza: bolti nyingi za Toyota za milimita 10, zile za spana namba 14, meno yake yameachana milimita 1.25. Bolti za duka la vifaa vya ujenzi ni 1.5. Itaingia mizunguko miwili, utadhani ni kutu, utaweka bomba kwenye spana ulazimishe, na hapo umeua nati iliyochomelewa ndani ya sakafu. Mimi niliua moja. Tulifungua kapeti lote. Nenda duka la spea za gari na bolti yako mkononi, na kichwani iandikwe 10.9, hiyo ni namba ya uimara. Isiyo na namba iache ikafunge mabati, kwa sababu bolti ya kiti ndiyo inayomshika binadamu siku ya ajali.

Kutoka kwenye bapa inapanda soketi: bomba la maji la inchi moja na robo, urefu sentimita 12 tu. Ndani yake linaingia bomba la inchi moja. La ndani lina upana wa milimita 33.7 kwa nje, na tundu la soketi ni kama 36, kwa hiyo linaingia kwa mkono na kutoka kwa mkono. Huo upenyo mdogo ndio unaopiga kelele. Toboa soketi sehemu mbili upande mmoja, juu na chini, chomelea nati juu ya matundu, weka bolti zenye kishikio cha nondo. Ukikaza, zinasukuma bomba la ndani likalala kwenye ukuta wa upande wa pili kwa urefu wote. Bolti moja haitoshi, bomba litaning'inia kama kengele. Nilijaribu.

Sasa mguu wa tatu. Karibu na kichwa cha bomba, sentimita kama 10 chini ya kitako, toa mkono mwembamba unaoshuka kwa mshazari hadi kwenye kile kinundu cha sakafu kilichofunika giaboksi. Mwisho wake weka bolti ya kurekebisha urefu, na chini ya bolti kipande cha tairi bovu. Ukishakaa sawa, ukaze hadi usikie bomba linasukumwa kidogo. Mguu unaogusa tu bila kusukuma ni mapambo. Kuutoa ni kulegeza mzunguko mmoja na nusu.

Kabla hujachomelea chochote, mkalishe dereva, aingize gia zote mpaka rivasi, na ile fimbo ya four-wheel pia. Fundi mmoja hapa mtaani alitengeneza stendi safi sana, gari likawa haliingii gia ya nne.

Mpima_Maji

Mzee, shikamoo. Ufa uko pale pale uliposema, nimepima, milimita 3 juu ya weldi.

Maswali mawili. Kitako cha juu nifanye nini? Nimeona wengine wanatumia ule mkono wa kufungia TV ukutani, unazunguka, unalala, bei poa. Na hiyo soketi ikibaki wikiendi haitamchoma mtu mguu?

Mzee_wa_Bomba

Marahaba.

Mkono wa TV umetengenezwa kwa ajili ya TV iliyotulia ukutani. Kila kiungo ni mahali pengine pa kucheza, na ule una viungo vitatu. Kipimo changu ni barabara ya Naabi kwenda Seronera, kule Serengeti. Mkono wa TV niliuweka kwenye stendi ya pili, nikafika Seronera laptop inamwangalia dereva.

Kitako ni bati la alumini la milimita 2, sentimita 38 kwa 27, kingo tatu zimekunjwa juu sentimita moja, upande wako uache wazi ili mikono isikatwe. Juu ya bomba chomelea kibapa chenye matundu manne yaliyoachana milimita 100 kwa 100, vile vipimo vya nyuma ya TV. Hapo tu ndipo TV inapokusaidia, kwa sababu kesho ukipata kitako kingine cha dukani kitaingia bila kuchomelea upya. Nati ziwe zile zenye mpira ndani. Juu ya alumini gundisha soli za ndala, vipande vinne kwenye pembe, katikati wazi hewa ipite. Ndala mpya, siyo zilizokanyagwa zikawa kama karatasi.

Soketi ya sentimita 12 isimame pembeni ya kiti upande wa giaboksi, siyo mbele ya magoti. Ifunike kwa kofia ya mpira, ile ya miguu ya viti vya chuma. Na kama gari lako lina airbag ya abiria, kitako kisikae kati ya dashibodi na kifua chako. Mikonga mingi ya kwetu haina, ila hakikisha.

Waya_Mwekundu

Mzee kamaliza chuma, niguse umeme, maana najua mtu ataenda kununua inverter.

Inverter inapandisha volti 12 hadi 230, halafu chaja inashusha tena hadi 19 na kidogo. Umeme unapotea mara mbili na kisanduku kinaunguruma siku nzima. Tafuta chaja ya gari inayotoka 12 moja kwa moja kwenda volti ya laptop, au kama laptop yako inachaji kwa USB-C, chaja ya wati 65. Wati 65 ni kama ampea 6 hivi kwenye upande wa 12. Vuta waya wa milimita 2.5 za mraba kutoka betrini, fyuzi ya ampea 10, na fyuzi ikae karibu na betri. Ukiiweka mwisho karibu na laptop, waya wote uliopita kwenye bodi haulindwi na kitu.

Usitegemee tundu la kiberiti. Kwenye mawimbi plagi inatoka yenyewe taratibu, unagundua laptop ikiwa imebaki asilimia 4.

Na pima kwa mita kabla ya kuunga. Mikonga mingine ina betri mbili. Mbili sambamba bado ni 12, mbili kwa mfuatano ni 24, na kwa macho zinafanana. Nimeletewa chaja iliyoungua kwa sababu hiyo hiyo.

Dereva_Chalbi

Salamu kutoka Marsabit. Huku tunaenda North Horr kupitia jangwa la Chalbi, kwa hivyo hiyo maneno ya mawimbi hatuambiwi.

Boss, hakuna mtu ametaja skrini. Laptop ikifungwa vizuri chini, ile nguvu yote inaenda kwa bawaba za skrini. Yangu ilivunjika bawaba ya kushoto ndani ya miezi miwili na stendi ilikuwa imara kabisa. Fundi mmoja wa jua kali Nairobi, kule Kariobangi, alinitengenezea vijiti viwili vya alumini nyuma ya kitako, vinashikilia mgongo wa skrini, na vina mpira juu. Skrini inalala hapo, haipigi mbele na nyuma.

Kufunga laptop usitumie velkro, vumbi likiingia haishiki tena. Kata ukanda wa tyubu ya ndani ya tairi, upana wa vidole viwili, ivute kutoka pembe hadi pembe. Ikikatika unapata nyingine kwa kila mtu wa pancha.

Halafu ukague ndani ya laptop. Kama bado ina ile diski inayozunguka, badilisha uweke SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka, kwanza, stendi baadaye. Mimi nilipoteza data ya wiki tatu.

Wenye pesa huagiza mikono ya kushikia vifaa ya kampuni ya RAM kutoka Marekani, yenye kifundo cha tufe. Ni mizuri. Lakini tufe la inchi 1 ni la simu, laptop inataka inchi 1.5 kwenda juu. Rafiki alinunua ile ndogo, laptop ikawa inainama polepole kama mtu anasinzia kanisani.

Mpima_Maji

Wakuu, narudi na majibu baada ya wiki tatu.

Nilimpelekea fundi mwingine maelezo ya Mzee yakiwa yameandikwa kwenye karatasi. Alisoma, akakuna kichwa, akasema bomba la inchi moja ni dogo mno. Nikamwambia tengeneza hivyo hivyo, likikatika ni langu. Chuma, bolti na ufundi vilikula 85,000, chaja na waya kando.

Safari ya kwanza Ngare Sero kwenda na kurudi. Kitako kilitikisika, uongo sisemi, lakini kuandika kuliwezekana gari likiwa mwendo wa pole, na kusoma ramani wakati wote. Siku ya pili kelele ikaanza. Nikapagawa, nikakaza bolti zote, kumbe ni kofia ya chupa ya maji imeingia ndani ya soketi. Siku ya tatu mguu wa tatu ulilegea, kwa sababu sikuweka nati ya pili ya kuzuia bolti ya kurekebisha isijifungue. Mzee hukusema, au ulidhani najua.

Diski ilikuwa ile ya kuzunguka. Nimebadilisha. Vijiti vya skrini bado, kwa sasa nimefunga ukanda wa tyubu kwenye kishikio cha dashibodi, unanitosha.

Betri zangu ni mbili na ni 12. Nilipima, Waya, usiwe na wasiwasi.

Jumamosi nikatoa bomba, nikaacha soketi na kofia yake. Mama akaiona. Nikajua leo kazi sina. Akaizunguka, akaigusa, akauliza kama kile kitako kinaweza kurudishwa kibebe sufuria la pilau wakienda Moshi kwenye shughuli.

Mzee_wa_Bomba

Nati ya pili, kosa langu.

Sufuria kinabeba. Ila bandua ndala kwanza, la moto litaziyeyusha.