Ikona ya Kirusi "ya karne ya 18": niinunue au niachane nayo?

Mkaa Ruhr
Wakuu, habari zenu. Naishi Ujerumani, ni Mwothodoksi, nakusanya ikona za Kirusi (picha takatifu zilizochorwa ubaoni) taratibu. Muuzaji mmoja ananipa Mtakatifu Nikolao kwa euro 1,400, anasema ni ya karne ya 18. Imevikwa bamba la fedha linaloacha wazi uso na mikono tu. Ukingoni mwa bamba kuna muhuri: kichwa cha mwanamke na namba 84. Ubao una matundu ya wadudu. Hii nitaisalia, sitaki kitu cha uongo nyumbani. Mnashaurije?

Fundi Mbao
Mkuu, muhuri umeshakujibu nusu. 84 ni kipimo cha zamani cha Kirusi cha usafi wa fedha, sawa na sehemu 875 za fedha halisi kati ya 1,000. Kichwa hicho kilianza kugongwa 1899. Mwanamke akitazama kushoto, ni kabla ya 1908. Akitazama kulia, ni kuanzia hapo. Bamba si la karne ya 18 hata kidogo.

Ubao waweza kuwa mkongwe kuliko vazi lake, kwani ikona za kale zilivikwa mabamba mapya. Mwombe muuzaji alitoe bamba. Ukikuta pamechorwa uso na mikono pekee, kwingine patupu, ujue ubao na bamba viliagizwa pamoja. Hiyo si bandia! Ni ikona halali ya enzi ya bamba lake, na bei ishuke ifanane na umri huo.

Binti Bukoba
Matundu nayo yapime kwa sindano. Mdudu hupinda-pinda, sindano ikizama wima kila tundu, hapo imepita drili. Tazama uso kwa lenzi pia: ukiona nukta nukta, ni picha ya kuchapwa. Na ukipata taa ya urujuanimno (UV), rangi iliyoongezwa juu ya vanishi ya zamani hutokea kama madoa meusi.

Mkaa Ruhr
Asanteni sana. Mwanamke anatazama kulia. Muuzaji amekataa kutoa bamba, eti misumari itakatika.

Fundi Mbao
Basi usilipe, ndugu yangu. Misumari ile huchomolewa na fundi wa kukarabati ikona kila siku. Mwambie gharama utabeba wewe. Akigoma tena, achana naye. Na kabla ya kununua nyingine yoyote, nenda Makumbusho ya Ikona ya Recklinghausen, yapo tangu 1956. Kaa mbele ya Nikolao wa kweli hadi jicho lizoee rangi iliyochanganywa na yai na kupakwa juu ya tabaka la chaki.