Kifaa gani cha kupima rangi za monita? Albamu zinatoka giza

PichaZaRuracio: Hamjambo wadau. Napiga picha za harusi na ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) hapa Nairobi, albamu nachapishia River Road. Mwezi uliopita mama ya bibi harusi alifungua albamu mezani, akalaza ncha ya leso yake juu ya ukurasa. Leso ni samawati iliyokolea. Kwenye karatasi ni zambarau. Nyuso nazo giza, kama watu wamesimama kivulini. Nilirudia albamu nzima kwa pesa zangu, na iliniuma. Monita yangu ni ya kawaida, paneli aina ya IPS. Kuna jamaa anauza kifaa cha kupima rangi, i1Display Pro iliyotumika. Nichukue hiyo, au nijipinde ninunue Spyder mpya?

WinoNaKaratasi: Pole sana. Mwangaza wa monita umeuacha juu kabisa, sivyo? Picha inang'aa, nawe unaipunguza nuru. Karatasi haina taa nyuma yake. Shusha hadi kati ya kandela 80 na 120 kwa mita mraba, giza litapungua sana. Zambarau ni kesi nyingine. Kolorimita, yaani vifaa kama hivyo viwili, inapima skrini tu, haijui wino. Waombe wachapishaji profaili ya ICC ya karatasi yao (faili inayoeleza rangi zitakavyotoka kwenye karatasi hiyo), uione picha kupitia hiyo kwenye Photoshop kabla ya kutuma.

Mwanga_Kasarani: Chukua hiyo i1Display Pro, mradi bei iwe ya haki. Ilikuwa ya kampuni ya X-Rite. Tangu 2021 vifaa vyao vya wapiga picha viko chini ya chapa ya Calibrite. Inafanya kazi na DisplayCAL, programu ya bure ya kurekebisha rangi za skrini. Washa monita nusu saa kwanza, funga pazia, inamisha skrini nyuma kidogo ili kifaa kilale bila mwanya. Kwenye programu weka D65 (kipimo cha weupe) na gama 2.2 (jinsi nuru inavyopanda kutoka giza hadi mwanga). Na tafadhali chagua aina sahihi ya taa ya skrini yako kwenye programu. Wengi wanairuka hatua hiyo, kisha wanalaumu kifaa. Kolorimita kuukuu zaidi ya hiyo usiguse, vichujio vyake hufifia.

WinoNaKaratasi: Spektrofotomita je, ukiuziwa? Hiyo inapima hata karatasi, lakini kama huchapi mwenyewe ni pesa ya bure.

PichaZaRuracio: Asanteni sana. Nimepewa profaili leo. Nimefungua picha ileile, na samawati imegeuka zambarau hapo hapo kwenye skrini, kabla ya tone la wino. Jumamosi naenda kuiona hiyo i1Display, nabeba laptopu niijaribu mbele ya mwenyewe.