Joto la kimea halitulii ndani ya sufuria: nifanyeje?

Mwanagenzi
Ndugu zangu, naomba msaada kuhusu joto la kimea wakati kinapolowekwa ili wanga ugeuke sukari. Natumia kilo 5 za kimea cha shayiri kilichoparazwa na lita 15 za maji, katika sufuria ya chuma iliyo juu ya jiko la gesi. Nakusudia kubaki kwenye nyuzi 66 za Selsiasi kwa saa nzima, lakini ikifika nusu saa kipimajoto husoma 62, na nikiwasha moto hata kidogo, joto huruka hadi 71. Bia inayopatikana haitabiriki: mara ni nyepesi na kavu, mara ni nzito na yenye utamu unaobaki mdomoni, ingawa hamira ni ileile. Je, tatizo ni sufuria, jiko, au namna ninavyopima?

Mlinzi wa Sufuria
Ndugu Mwanagenzi, kutotabirika huko kuna sababu inayoeleweka. Ndani ya kimea mna vimeng'enya viwili vinavyofanya sehemu kubwa ya kazi. Beta-amilesi hupendelea takriban nyuzi 60 hadi 65, na hukata wanga kuwa sukari ndogo ambazo hamira huzila karibu zote, ndiyo maana bia huwa kavu. Alfa-amilesi hustawi karibu na nyuzi 68 hadi 72, nayo huacha vipande virefu visivyochachuka, ambavyo huipa bia uzito. Ukipanda hadi 71, beta-amilesi huharibika ndani ya dakika chache, na hata ukishusha joto baadaye haifufuki. Kwa hiyo kupitiliza juu kuna madhara makubwa kuliko kushuka kidogo.

Ushauri wangu ni kuacha kabisa kulikimbiza joto kwa moto wa jiko, na badala yake kulipata sawasawa tangu mwanzo. Maji yawe ya moto kuliko kiwango unachokitaka, kwa kuwa kimea kitayapoza. Chukua joto unalolilenga, toa joto la kimea kikavu, zidisha kwa 0.41, gawanya kwa idadi ya lita za maji kwa kila kilo, kisha jumlisha na joto unalolilenga. Kwako, ikiwa kimea kina nyuzi 20, tofauti ni 46. Ukizidisha unapata 18.86, ukigawanya kwa 3 unapata 6.3, hivyo maji yawe na nyuzi 72.3. Kwa kuwa unayachemshia katika sufuria hiyohiyo, chuma kimeshapata moto na hakitaiba joto. Anayemimina maji katika chombo kingine sharti akipashe kwanza.

Zima moto, mwaga kimea huku ukikoroga hadi madonge yote yapasuke, kwani ndani ya donge unga hubaki mkavu na wa baridi. Kisha funika, uivishe sufuria blanketi nzito mbili pande zote, kifuniko kikiwemo, na usifunue kila baada ya dakika tano.

Mpima Joto
Naongeza jambo moja ambalo wengi hulipuuza. Kipimajoto kinachogusa sehemu ya chini ya sufuria hupima chuma, wala si kimea. Koroga kwanza, kisha pima katikati na pembeni. Kijaribu pia katika maji yenye barafu iliyopondwa, ambayo yanapaswa kusoma 0. Kukijaribu kwa maji yanayochemka kunahitaji uangalifu, kwa sababu kiwango cha kuchemka hupungua kwa takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko.

Mwanagenzi
Nawashukuru sana. Je, nikikosea hesabu nikaangukia 63, bado nisiwashe jiko?

Mlinzi wa Sufuria
Tumia maji yanayochemka. Kwa kiasi chako, lita 1.5 hivi zitakupandisha kutoka 63 hadi 66. Zimimine kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukizidisha joto, ongeza maji baridi mara moja bila kungoja. Ukipata 65 badala ya 66, iache: tofauti hiyo ni ndogo kuliko madhara ya kuhangaika.

Na ukiona joto limeshuka nyuzi 2 mwishoni mwa saa, usiwe na wasiwasi, kwa kuwa sehemu kubwa ya wanga huwa imeshageuka. Ukitaka uhakika, weka tone la maji ya kimea yasiyo na makapi kwenye sahani nyeupe, kisha lidondoshee ayodini. Likigeuka buluu iliyokoza au jeusi, wanga ungalipo, basi ongeza muda; likibaki na rangi ya ayodini yenyewe, endelea na kuchuja. Tone hilo limwagwe, lisirudishwe sufuriani.